Ncha Nane na Nafasi Moja

Te Kōpuni,
3 Juni 1974

Kwa mjukuu wangu mpenzi, Kararaina,

Nakusalimu wewe, nausalimu mji wa Wellington unaokulea, na nawakumbuka waliotutangulia, hasa marehemu bibi yako Hūhana, ambaye naambiwa umerithi paji lake la uso na ukaidi wake. Barua yako ya Machi ilifika salama. Kuijibu leo, mwezi wa sita, ni aibu nisiyoweza kuificha nyuma ya mafuriko ya barabara wala nyuma ya maumivu ya vidole vyangu. Walimu wa misheni walionifundisha kuandika walinichapa kwa makosa madogo kuliko hili. Naomba uniwie radhi.

Uliniambia kwamba chuoni mnafundishwa kuipa kompyuta mchezo mdogo, nayo ikatafuta namna iliyo bora kuliko zote ya kuucheza. Kama si kukusumbua, ninao mchezo.

Wakati wa Pasaka walikuja watu wangu wa mto Whanganui, wakiongozwa na mpwa wangu Matiu. Walisafiri siku mbili. Walisimama mbele ya nyumba yetu ya mkutano wakawaomba watu wa bibi yako wanirudishe kwetu, kwa kuwa kule mtoni hakubaki mzee hata mmoja wa kusimama kuwapokea wageni kwa maneno yanayostahili. Hākopa, shemeji yangu, kaka wa Hūhana, alijibu kwa upole. Alisema hawezi kunifukuza wala kunifunga kamba, niseme mwenyewe.

Nami, mjukuu wangu, nilishindwa kusema. Nikisema nakaa, nimewapiga kofi watu wa damu yangu mbele ya wenyeji. Nikisema naondoka, nimemtukana mtu aliyenilisha miaka hamsini na moja, tena nimemwacha bibi yako peke yake kilimani. Machozi yalinitoka mbele za watu, na nilipopata sauti nikasema, “Basi ubao na useme.”

Unaujua ubao huo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukituibia kete. Ni mū tōrere yetu, nyota ya ncha nane iliyochorwa kwa makaa kwenye mfuniko wa sanduku. Hākopa hupanga mawe manne kwenye ncha zinazofuatana, mimi kokwa nne za pichi kwenye ncha zilizobaki, na katikati ya nyota pako wazi. Kwa zamu, kete huhamia ncha ya jirani, au huingia katikati, au hutoka katikati. Nafasi tupu ni moja tu siku zote. Hakuna kulana. Anayekosa pa kwenda amefungwa, na amekwisha. Tumekubaliana hivi: nikishinda, nakwenda mtoni. Nikifungwa, nakaa. Matiu atarudi na lori tarehe 26 Oktoba kuchukua jibu.

Tunacheza Jumapili baada ya ibada, hatua chache tu, mpaka birika la chai liishe, kisha ubao unafunikwa kwa taulo. Tangu Pasaka hakuna aliyefungwa. Hākopa ananiambia, “Shemeji, unacheza kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.” Tafadhali nifahamishe kama ipo njia ya hakika ya kuumaliza mchezo huu.

Babu yako mwenye shukrani,
Paratene

Barua hii anaichukua Pita wa lori la maziwa.


Wellington,
17 Juni 1974

Babu yangu, shikamoo,

Nimesamehe kila kitu mpaka Krismasi, kwa hiyo huna haja ya kuomba radhi tena mwaka huu. Najua utaomba.

Mama hakuniambia habari za Pasaka! Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni. Babu, unataka kurudi nyumbani kwenu na hukusema kwa mtu yeyote? Basi tutashinda. Mashine itamfundisha Babu Hākopa adabu.

Nikueleze tunavyofanya, maana mwalimu wetu anasema kama huwezi kumweleza babu yako hujaelewa. Hatuanzi mwanzo. Tunaanza mwisho. Unaorodhesha kila hali ambayo mtu amekwisha kufungwa. Halafu unarudi nyuma hatua moja: mwenzake alikuwa wapi kabla ya kumfunga? Hali hiyo unaiandikia “ushindi.” Unarudi tena: hali gani ambayo kila njia ya mtu inampeleka mwenzake kwenye ushindi? Hiyo unaiandikia “kushindwa,” hata kama yeye mwenyewe bado anacheka na kunywa chai. Unarudi na kurudi mpaka usipate tena cha kuandika.

Nimetoboa kadi zinazosomwa na mashine, nimezipeleka kwenye dirisha la chumba chake, nayo imejibu kesho yake. Furahi. Anayeanza anashinda kwa hatua ya kwanza! Inua kokwa yoyote iliyokaa katikati ya wenzake wawili, iingize pale katikati ya nyota, na Babu Hākopa hana pa kwenda. Dakika moja. Chai bado ya moto.

Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Mjukuu wako,
Kararaina


Te Kōpuni,
2 Julai 1974

Mjukuu wangu mpenzi,

Marahaba, na naomba radhi, ingawa umenikataza. Kosa ni langu lote. Nilikueleza mchezo kama anavyoueleza mtu aliyezaliwa ndani yake. Nikasahau kutaja mlango kwa kuwa sijawahi kuiona nyumba bila mlango.

Kete haiinuki kwenda katikati ikiwa kulia na kushoto kwake wamekaa wa kwao tu. Lazima upande mmoja, au pande zote mbili, awe amekaa mtu wa upande mwingine. Hakuna anayewaambia watoto jambo hili. Wanalijua kama wanavyojua kwamba kukalia mto wa kulalia ni mwiko. Hivyo ile hatua yako ya ushindi imekatazwa tangu kabla ya babu wa babu yangu, pengine kwa sababu mtu fulani aliigundua kabla yako.

Nilimsomea Hākopa barua yako, ila si yote. Alicheka hadi chai ikamtoka puani. “Mwambie mjukuu wetu,” alisema, “akija kucheza hivyo hapa tutamfukuza kabla hajaonja keki.” Kisha akaniuliza kama nimeanza kufunga mizigo. Nikamjibu kwamba Oktoba bado iko mbali. Akasema mto huwa na maji mazuri mwezi wa kumi. Yeye hajauona mto huo hata siku moja.

Mvua haijaacha wiki ya tatu sasa. Kilima kimeteremka barabarani na lori linapita siku moja moja. Nakuomba kwa unyenyekevu uirudie kazi yako kwa sheria iliyo sahihi.

Wako,
Paratene


Wellington,
28 Julai 1974

Babu mpenzi, shikamoo,

Mwalimu amenicheka mbele ya darasa. Amesema mashine haikukosea. Ilijibu kwa uaminifu kabisa swali la mchezo usiokuwapo. Sasa nimetoboa kadi upya.

Zungusha nyota au iangalie kwenye kioo, ukizihesabu zinazofanana kuwa moja: kuna namna arobaini na sita tu za kete kukaa. Mkono mmoja unaweza kuzibeba zote. Na mtu anafungwa kwa namna tatu tu. Zote ni sura moja: mwenzako ameshika katikati, na ile nafasi tupu iko baina ya kete zake mbili. Kete zako zote nne zipo, nzima, hakuna iliyoumizwa, na hakuna hata moja inayoweza kusogea.

Habari mbaya ni hii, nami nimeikagua kwa penseli baada ya mashine. Wote wawili wakicheza bila kosa, mchezo hauishi. Siyo kwamba unachukua muda mrefu. Hauishi. Njia inayomlazimisha mwenzako afungwe haipo. Anafungwa kwa kukosea mwenyewe tu. Naambatisha karatasi yenye hali zote. Penye alama nyekundu, ukifika wewe, umemshika. Penye nyeusi, ukifika, yeye amekushika. Kaa mbali na nyeusi, msubiri akosee. Ana miaka sabini na minane, Babu. Atakosea.

Mjukuu wako,
Kararaina


Te Kōpuni,
19 Agosti 1974

Mjukuu wangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa, na kwa karatasi hii iliyoliwa na unyevu. Mchoro wako nimeubandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo mgeni hawezi kuuona. Kila asubuhi nikienda kuchukua sukari nausoma.

Nina swali moja dogo. Umeniandikia kwa wema jinsi ya kukaa mbali na alama nyeusi. Je, mtu anawezaje kufika kwenye nyeusi bila kuonekana kwamba alikusudia? Nauliza kwa ajili ya elimu tu.

Naambatisha pia kumbukumbu ya hatua zetu zote tangu Pasaka. Nimezipa ncha namba, moja hadi nane, kama tulivyofundishwa kuandika hesabu, kila hatua mstari wake. Pengine mashine yako itaona jambo nisiloliona mimi. Utagundua kwamba sichezi vizuri. Usinionee haya.

Jana nilipanda kilimani kwa bibi yako. Maji yalikuwa yakitiririka pembeni mwa jiwe lake. Nililifuta kwa leso. Pale kando yake pana nafasi yangu, ambayo Hākopa aliiwekea vigingi vinne siku tuliyomzika, na kila mwaka huvipaka chokaa. Mwaka huu hajavipaka. Sikumuuliza sababu.

Wako,
Paratene


Wellington,
6 Septemba 1974

Babu,

Shikamoo. Barua hii sijui niiandikeje. Nimekuwa mjinga tangu Juni.

Nilizipitisha hatua zenu zote kwenye mchoro, moja baada ya moja. Nilitaka kuona Babu Hākopa amekosea wapi, ili nikwambie. Nikakuta hivi. Tarehe 26 Mei kokwa yako iliondoka kando ya mawe yake mawili. Jiwe lake la tatu lilikuwa katikati. Alichotakiwa ni kusogeza lile jiwe la karibu hatua moja, nawe ungekuwa umefungwa. Mtoto angeliona. Hakusogeza. Alilitoa jiwe la katikati akaliweka kwenye nafasi uliyoiacha. Tarehe 14 Julai ukafanya vilevile, naye akafanya vilevile. Agosti tena, mara mbili.

Nikafikiri macho yake yamechoka. Kisha nikatazama upande wako. Yeye naye amekuwekea ushindi wazi mara tano, Babu. Mara tano! Nawe kila mara umeitoa kokwa yako katikati kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Ndipo nikasoma tena swali lako la elimu tu.

Hutaki kwenda mtoni. Hujawahi kutaka. Mimi ndiye niliyesema unataka, nawe ukaona aibu kunisahihisha. Unataka kufungwa, ili ubaki na Bibi bila kuwakatalia watu wako kwa kinywa chako. Na Babu Hākopa anataka ushinde, kwa sababu anaamini unaulilia mto na una adabu mno ya kusema. Mmekaa miezi mitano kwenye veranda moja, kila mmoja akijaribu kushindwa, na hakuna anayefanikiwa kwa sababu mwenzake ni mjuzi.

Mashine haiwezi kuwasaidia. Niliipa sheria kwamba kila mchezaji anataka kushinda. Sikujua kuna mchezo mwingine.

Mwambie. Tafadhali. Mwambie kwa mdomo.

Kararaina


Te Kōpuni,
15 Septemba 1974

Mjukuu wangu mpenzi,

Bado sijapata jibu lako. Pita anasema kilima kimeanguka tena, na mifuko ya barua imekwama ng’ambo ya mto wetu mdogo siku ya sita sasa. Naandika hata hivyo, nikiomba radhi kwa kukujazia barua.

Matiu ameleta habari kwa simu ya duka. Wamekwisha kunipakia rangi chumba, na dirisha lake linatazama maji. Wanawake wamenishonea blanketi. Watoto wa shule wanajifunza wimbo wa kunipokea. Mwenye duka alinitazama nikiwa nimeshika simu. Nikamwambia Matiu kwamba nimeshukuru sana. Ningesema nini kingine? Kila wanachonipa ni chema, na kila chema kinakaa pembeni yangu kama jiwe.

Ubao hausemi. Nimejaribu yote ninayoyajua. Nilipofika nyumbani nilitoa sanduku chini ya kitanda nikaweka shati la Jumapili, Biblia na picha ya harusi. Halafu nikaitoa picha, kwa kuwa ukuta ulibaki na alama yake nikashindwa kuitazama. Kisha nikairudisha sandukuni. Nadhani nilifanya hivyo mara nne.

Tarehe 26 Oktoba nitapanda lori. Mtu mwenye adabu hawezi kuwaacha watoto waimbe mbele ya gari tupu. Nakuomba, ukija likizo, unisaidie kulifuta jiwe la bibi yako, kwani wengine hulifuta kwa haraka.

Sitakuwa na barua nyingi za kukuandikia kutoka huko. Mkono wangu unachoka.

Babu yako,
Paratene


Te Kōpuni,
1 Oktoba 1974

Mjukuu wangu mpenzi,

Nakusalimu, na kwa mara hii siombi radhi kwa kuchelewa, maana aliyechelewa safari hii ni mlima.

Barua yako ya tarehe sita ilinifikia tarehe 28, Jumamosi. Niliisoma nimesimama jikoni, mlango wa kabati ukiwa wazi. Nikaketi. Nikaisoma tena. Sikumbuki kama nilikula.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda kwa Hākopa na barua mfukoni. Alikuwa amekwisha kulitoa taulo. Tulicheza hatua nne. Katika ya tano, kokwa yangu iliondoka kando ya mawe yake mawili, kama mara zote. Jiwe lake lilikuwa katikati. Nikamwona akiunyoosha mkono kulitoa, kama mara zote.

Niliuweka mkono wangu juu ya mkono wake. Katika miaka hamsini na moja sikuwa nimewahi kumgusa mkono akiwa anacheza. Ni utovu wa adabu. Nikamwambia, “Shemeji, nifunge.”

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba inaungua. “Ulilia,” akasema. “Pasaka. Waliposema mto, ulilia mbele ya watu wote.”

“Nililia kwa sababu sikutaka kwenda na sikujua namna ya kulisema.”

“Miezi mitano, Paratene.” Hākopa huniita kwa jina pale tu anapokasirika. “Miezi mitano nakufungulia mlango, nashika baridi hapa verandani, kumbe umesimama nje unanishikilia mlango huohuo.” Halafu akaniambia, bila kunitazama, kwamba vigingi vya kilimani hakuvipaka chokaa kwa kuwa kila alipoishika brashi aliona anamfunga kamba mtu anayetaka kwenda zake.

Ndipo akalisogeza lile jiwe la karibu, hatua moja. Nilizitazama kokwa zangu zote nne. Zilikuwapo, nzima, kama ulivyoandika. Sikuwa na pa kwenda.

Sitakudanganya kwamba nilifurahi tu. Nilikuwa nimekwisha kuupoteza mto. Nililelewa kwenye maji yale; mama yangu yuko pale, na baba yangu, na kuna jiwe kubwa kwenye ukingo ambalo nililiita langu. Nilielewa kwamba sitaliona tena. Tuliketi hadi birika likapoa lote, nalo lilikuwa bado limejaa.

Lililobaki ni watu wangu. Nilitaka kumwandikia Matiu, nikachana karatasi tatu. Hākopa akaniuliza naandika nini. Nikamsomea. Akasema nimeandika radhi kumi na moja na jibu hakuna. “Hili si la kuandikwa,” akasema. “Waliniomba mimi mbele ya nyumba yangu, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya yao. Nitawaambia nilikuwa na ubao, nikamfunga mzee wenu, na simrudishi. Wanichukie mimi. Dada yangu alinizoesha.”

Nikamkumbusha kwamba ana miaka sabini na minane na hajawahi kuvuka milima. Akanijibu kwamba hata mimi sikuwa nimewahi kuvuka nilipokuja kumchukua dada yake, tena nilikuja na viatu vilivyotoboka.

Nimempa fimbo ya baba yangu, ile ya kusimama nayo mtu anaposema mbele ya wageni. Ni mali ya mto. Matiu ataishika, na atajifunza kusema, kwa kuwa sasa hana wa kumngoja. Nimemrekodia pia maneno yote ya kuwapokea wageni kwenye kanda ya mwalimu wa shule, polepole, saa nzima. Watoto waimbe wimbo wao kwa ajili ya fimbo.

Umeniambia mashine yako ilipewa sheria kwamba kila mmoja anataka kushinda. Tafadhali usiilaumu. Nami nilisahau kukuandikia kwamba mimi sikutaka, kama nilivyosahau ile sheria nyingine.

Asubuhi ya leo, kabla ya kuandika, niliona mtu kilimani akiwa ameinama na ndoo. Vigingi vinne vinang’aa hadi hapa dirishani.

Hākopa atapanda lori la Matiu tarehe 26, na akitoka mtoni atapita kwako Wellington. Hataki kukubali kwamba miji inamtisha, kwa hiyo nenda umngoje kituoni bila kumwambia kwamba nimekuomba. Hunywa chai na sukari vijiko vitatu. Atakuambia kwamba alinishinda kwa akili, mwache aseme.

Babu yako,
Paratene

Barua hii anaipeleka posta Hākopa mwenyewe, aliyenifunga.